Mboji kwanza, urea baadaye: hesabu ya mbolea kwenye mchanga wa Dar es Salaam

Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, moshi mwembamba hupanda juu ya nyumba za Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande. Ua umeshafagiliwa, majani ya mwembe na mkungu yamerundikwa pembeni, na mtu kawasha kiberiti. Hazipiti saa nyingi, kutoka ua huohuo mtoto anatumwa duka la pembejeo: "Mwambie kaka akupimie urea nusu kilo, mchicha umekuwa wa njano."

Kilichoungua asubuhi ndicho mchicha ule ulichokuwa ukikililia. Urea itaukijanisha kwa wiki moja au mbili, kisha unjano utarudi, na mtoto atatumwa tena.

Sababu iko chini ya miguu. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam, hasa kuanzia Mbagala kwenda Chamazi na Mbande, na upande wa kaskazini kuelekea Bunju, imekaa juu ya mchanga wa pwani: mwepesi kulima, mwepesi kupitisha maji, na maskini wa mabaki ya mimea yaliyooza. Jiji hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hushuka katika miezi mitatu ya masika. Nitrojeni, kirutubisho kinacholipa jani ukijani wake, huyeyuka kwenye maji hayo na kushuka nayo hadi kina ambacho mizizi mifupi ya mchicha haifiki. Kumwaga urea juu ya mchanga mtupu mwezi Aprili ni kumimina tui kwenye chujio.

Swali linaloulizwa madukani huwa ni mbolea ipi ina bei nafuu. Kwa mwenye matuta matatu uani, swali lenye faida zaidi ni ipi itabaki kwenye tuta baada ya mvua ya kwanza.

Hesabu yenyewe, lakini, ifanywe kwa haki, maana mbolea ya kiwandani husingiziwa ughali ambao si wake. Chukua tuta la mita 1 kwa mita 10. Mchicha juu ya tuta hilo unahitaji takribani gramu 100 za nitrojeni mpaka kuvunwa. Urea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo gramu 220 hivi, robo kilo kasoro kidogo, zinatosha. Tarehe 8 Agosti 2022, katika Nane Nane ya Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea. Mfuko wa urea wa kilo 50, uliokuwa umepanda kupita shilingi 120,000 baada ya bei za dunia kuruka, ukateremshwa hadi 70,000 kwa wakulima waliosajiliwa. Kwa bei hiyo ya ruzuku, nitrojeni ya tuta zima ilikuwa shilingi 300 hivi tu. Hakuna samadi inayoweza kushindana nayo ikiwa kinachopimwa ni kirutubisho peke yake.

Tatizo ni kwamba mwenye matuta matatu hana pa kuuweka mfuko wa kilo 50. Ananunua ya kupimiwa kutoka mfuko uliofunguliwa, na mfuko ulioachwa wazi kwenye unyevu wa Dar hunywa maji ya hewa mpaka ukatoa mabonge. Lebo anaiona kwa mbali, pengine haioni kabisa. Nyeupe ya duara inaweza kuwa urea au CAN, mbolea nyingine ya nitrojeni, na mwenye haraka haulizi. Tofauti ipo: CAN ina nitrojeni asilimia 26 au 27, SA ina 21 pamoja na salfa. Mtu aliyezoea kipimo cha SA akapewa urea bila kujua, ameweka zaidi ya maradufu, na miche itamjibu kwa kuungua kingo.

Na hata ikiwa urea ni halisi na kipimo ni sahihi, ikiachwa wazi juu ya mchanga kwenye joto sehemu yake hupotea hewani ikiwa harufu kali ya amonia. Ikifunikwa kwa udongo na kumwagiliwa hapohapo, inaingia. Ikigawanywa mara mbili au tatu badala ya kumwagwa yote siku moja, hasara inapungua zaidi. Lakini bado inahitaji kitu cha kuishika, na kitu hicho hakiuzwi kwenye mfuko wa urea.

Kinachoishika ni uozo. Mboji, samadi iliyoiva, majani yaliyolainika: hivi hubeba maji na virutubisho na kuviachia taratibu. Kwa mchanga wa Temeke, kilo mbili hadi tatu kwa kila mita ya mraba ni kiwango cha kawaida, yaani kilo 20 hadi 30 kwa tuta lile lile la mita 10. Ni kiroba kimoja kilichojaa vizuri. Tena lazima kirudiwe, kwa sababu katika joto la pwani uozo nao huliwa haraka na vijidudu vya udongo. Kilichowekwa mwaka juzi leo hakipo.

Hapo ndipo kuku wanaingia. Pembezoni mwa jiji, kuanzia Chanika mpaka Goba, mabanda ya kuku wa nyama hayahesabiki. Kuku huuzwa baada ya wiki tano au sita, banda linasafishwa, na maranda yaliyolowa kinyesi yanarundikwa nje kwa haraka kabla vifaranga wapya hawajafika. Mfugaji anataka yaondoke. Majirani wanayataka yaondoke zaidi. Kwa mwenye bustani, siku ya kusafisha banda ndiyo siku ya kupatana bei, na mara nyingi anacholipia ni viroba na guta la kubebea.

Kinyesi cha kuku kikiwa kikavu kina nitrojeni karibu asilimia 3, zaidi ya maradufu ya samadi ya kawaida ya ng'ombe, na fosforasi nyingi. Lakini kinachotoka bandani si kinyesi kitupu. Kimechanganyika na maranda au pumba za mpunga, na maranda ni mbao: yana kaboni nyingi mno na nitrojeni kidogo sana. Yakizikwa mabichi kwenye tuta, vijidudu vinavyoyaozesha huazima nitrojeni ya udongo ili vifanye kazi, na mboga inabaki na njaa katikati ya shehena ya mbolea. Wengi wamelalamika kwamba "mbolea ya kuku imegoma" kumbe waliweka mbao. Upande wa pili, penye kinyesi kingi na maranda machache, amonia huchoma mizizi ya miche ndani ya siku chache. Vyote viwili hutokana na kosa moja: haijaiva.

Kuiva kunapimika bila mashine. Ingiza mkono katikati ya kiroba, si juu. Kukiwa na joto, bado. Kama harufu inachoma pua, bado. Ukikamata konzi na kuminya, mbolea iliyoiva inashikana bila kuchuruzisha maji, na huwezi tena kutofautisha kwa urahisi randa na kinyesi. Mwenye shaka apande mbegu kumi za mchicha kwenye kopo lililojazwa mchanganyiko wa mbolea hiyo na mchanga nusu kwa nusu. Zikiota vizuri na miche isikunjamane, kiroba kimepita mtihani. Muuzaji anayesema "hii imeshapoa, mama" anaweza kuwa mkweli, ila kopo halina sababu ya kudanganya.

Kuna jambo la afya pia, na si dogo. Kinyesi kibichi hubeba bakteria wa tumbo, salmonela akiwa mmojawapo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo. Mchicha wa Dar es Salaam huvunwa kwa wiki tatu au nne. Hesabu hizo mbili hazikutani kabisa, na kwa figiri au saladi inayoliwa bila kupikwa hakuna pa kujificha. Mbolea ya kuku kwa mboga za majani ni lazima ipitie lundo.

Lundo halihitaji shimo wala zege. Tabaka la vitu vikavu (majani yale ya mwembe, mabua, makaratasi), tabaka la vibichi (maganda ya ndizi na viazi, magugu ambayo hayajatoa mbegu), konzi kadhaa za mbolea ya kuku, maji ya kulowesha, kisha tena, mpaka lifike urefu wa kifua. Lundo dogo la goti halipati joto. Likijengwa vizuri, ndani ya siku chache katikati hupanda kupita nyuzijoto 55, kiwango kinachoua vimelea vingi na mbegu za magugu. Kipande cha nondo kilichochomekwa katikati na kuchomolewa baada ya dakika chache kitaeleza: kisiposhikika kwa raha, kazi inaendelea. Kikitoka baridi, ni wakati wa kugeuza. Katika joto la Dar, likigeuzwa kila wiki au mbili na lisiachwe likauke, mboji hupatikana baada ya miezi miwili hadi mitatu.

Wazo hilihili liko Mabwepande kwa ukubwa wa manispaa. Dar es Salaam na Hamburg ya Ujerumani ni miji dada tangu 2010, na moja ya matunda ya undugu huo ni kituo cha mboji cha Manispaa ya Kinondoni, kilichopangwa kupokea hadi tani 50 za taka za kuoza kwa siku, hasa kutoka masokoni. Ni taka ambazo vinginevyo zingepanda lori hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, zikaozee huko bila hewa na kutoa methani. Taka za jiji hili kwa sehemu kubwa ni za kuoza: maganda, majani ya ndizi yaliyofungia shehena, nyanya zilizopondeka njiani. Kilimo cha mjini kiliwahi kupewa uzito wake. Mwaka 1993 ulianza mradi wa kuendeleza mboga za mjini, wa Wizara ya Kilimo na shirika la Ujerumani la GTZ, na makadirio ya miaka hiyo yalionyesha kwamba takribani asilimia 90 ya mboga za majani zilizoliwa Dar zilitoka kwenye viwanja vya wazi na bustani za nyumbani humuhumu jijini. Jiji lililojilisha mchicha kwa kiwango hicho lingeweza pia kuurudishia udongo wake maganda.

Asiyeweza kusubiri lundo ana vitu vingine viwili vya pwani ambavyo havipewi heshima yake.

Cha kwanza ni makumbi ya nazi. Yakilazwa kati ya mistari, upande wa nje ukiwa juu, huzuia jua lisinyonye tuta na hupunguza magugu. Yakikatwakatwa na kuchanganywa na udongo, hushika maji vizuri mno. Kasoro yake ni chumvi, hasa yakitoka minazi ya ufukweni. Yalowekwe, maji yamwagwe, yarudiwe, ndipo yatumike.

Cha pili ni chenga za mkaa. Kwa kila muuza mkaa kuna lundo la vumbi na chenga chini ya magunia, na isipokuwa pale watengenezaji wa mkaa mbadala walipomtangulia mwenye bustani, bei yake ni ya maelewano. Mkaa uliosagwa una vitundu vingi vinavyoshika maji na virutubisho, na haubanduki na mvua wala hauliwi na vijidudu kwa miaka mingi. Udongo mweusi wa Amazoni, uliotengenezwa na wenyeji wa huko karne nyingi zilizopita kwa mkaa, mifupa na mabaki ya jikoni, bado una rutuba kuliko udongo unaouzunguka. Ila mkaa mkavu ukizikwa hivihivi, mwanzoni utajinyonyea nitrojeni ya tuta. Ulowekwe kwanza wiki moja au mbili kwenye maji ya samadi, au utiwe ndani ya lundo la mboji tangu siku ya kwanza. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna shilingi inayotumika vizuri zaidi kwenye bustani ya Mbagala kuliko ile ya kununulia chenga.

Majivu ni ndugu yake wa jikoni lakini tabia ni nyingine kabisa. Yana potasiamu na kalisi, hayana nitrojeni, na huondoa uchachu wa udongo kwa nguvu. Konzi mbili tatu kwa tuta zinatosha kwa msimu. Yasikutane na urea wala na kinyesi kibichi cha kuku, maana huifukuza nitrojeni hewani mbele ya macho yako, au tuseme mbele ya pua yako.

Hapo ndipo eneo linapokuwa muhimu. Karibu na miamba ya chokaa ya Wazo na Kunduchi, ambako kiwanda cha saruji kimekuwa kikizalisha tangu 1966, udongo mara nyingi tayari una chokaa ya kutosha. Kuongeza majivu huko ni kuizidishia mboga tatizo: madini ya chuma hayapatikani kwa mizizi, na majani machanga hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Mwenye bustani akidhani ni njaa ya nitrojeni ataongeza urea, na haitasaidia. Penye chokaa, ikibidi kununua ya dukani, SA inafaa kuliko nyingine kwa sababu huongeza uchachu. Kwenye mchanga wa Chamazi usio na chokaa, SA hiyohiyo ikitumika miaka na miaka huuchosha udongo.

Kanuni hiyo ya uchachu ndiyo inayoamua pia juu ya Minjingu. Mwamba wa fosfeti unaochimbwa Minjingu, mkoani Manyara, tangu 1983, ni mbolea ya nyumbani kwa kila maana: ulianza kwa kulisha kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichofunguliwa 1972 na kufungwa 1991, kisha ukatafuta soko lake wenyewe. Unayeyuka vizuri kwenye udongo wenye uchachu. Kunduchi utakaa kama changarawe. Na hata kwenye udongo unaoufaa, bustani iliyokwisha kupewa mbolea ya kuku mara kadhaa ina fosforasi ya kutosha. Kuinunulia tena Minjingu au DAP, mbolea nyingine ya fosforasi, ni kulipia kitu kilichomo ndani. Fosforasi haisafiri haraka na maji kama nitrojeni. Inajilimbikiza.

Kuhusu busta, pakiti na chupa zenye picha za nyanya kubwa zinazopulizwa kwenye majani, neno fupi: zina kazi pale inapojulikana kirutubisho fulani kidogo kimekosekana, na kazi hiyo ni ndogo. Mkojo wa sungura unaouzwa kwa chupa ni mbolea ya kweli ya nitrojeni, lakini mwenye sungura jirani asinunue chupa. Uchanganywe na maji mengi, umwagwe udongoni pembeni ya shina.

Kinachotakiwa kuogopwa zaidi ya bei ni udongo mweusi wa kuletewa. Kirikuu inapita mtaani imebeba udongo laini, mweusi, unaonekana wa bustani haswa, na muuzaji anasema umetoka bondeni. Bonde gani? Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, na wakakuta metali nzito, risasi na kadimiamu zikiwamo, baadhi kwa viwango visivyofaa kwa afya. Metali hizo hazinuki, hazioshwi na maji ya bomba, na mboji haiziondoi. Maeneo ya madampo ya zamani yana hatari hiyohiyo. Mtoni, ndani ya Temeke, palitupwa taka za jiji mwanzoni mwa miaka ya 2000 kabla ya kuhamia Pugu, na udongo wa juu ya betri na mabati yaliyooza unaweza kuonekana mzuri kuliko wote. Hata udongo safi wa bondeni mara nyingi huja na gugu la ndago, na ndago ikishaingia kwenye tuta itamtoa jasho mwenye bustani miaka mingi. Mchanga wako mwenyewe, uliolishwa mboji, ni salama kuliko.

Maji nayo yaonjwe. Visima vingi vya pembezoni vina chumvi, na mbolea ya kuku pia ina chumvi, na mbolea nyingi za viwandani zenyewe ni chumvi. Vitatu vikikutana kwenye tuta moja wakati wa kiangazi, ncha za majani hukauka na mtu hudhani ni ugonjwa. Penye kisima cha chumvi, mboji ya majani na samadi ya ng'ombe iliyoiva ina faida kuliko ya kuku, na tuta la kuzama linalotunza maji ya mvua lina faida kuliko la kuinuka.

Samadi ya ng'ombe na mbuzi haijapewa nafasi kubwa hapa kwa sababu rahisi: ndani ya jiji inazidi kuwa adimu, na kuifuata Kisarawe kwa bodaboda huifanya ghali kuliko inavyostahili. Kunde, kwa upande mwingine, hazihitaji usafiri. Zinafyonza nitrojeni kutoka hewani, majani yake ni mboga, na mashina yakizikwa ni mbolea. Wabenediktini wa Peramiho, Ruvuma, waliwahi kueneza marejea kwa kazi hiyohiyo ya kurutubisha mashamba, na marejea huota vizuri kwenye ua uliopumzishwa. Lakini kwa familia ya Mbande yenye nafasi ya kitanda na godoro, kunde zinashinda kwa sababu zinaliwa.

Anayetaka uhakika kabla ya kutoa fedha anaweza kupeleka udongo kupimwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, vina maabara za udongo. Kwa matuta matatu gharama na usumbufu havilipi. Kwa majirani kumi wa mtaa mmoja wanaokaa juu ya mchanga uleule, sampuli moja iliyochanganywa na bwana shamba wa kata inaweza kuwatosha wote, hasa kwa swali la chokaa na chumvi.

Lundo likijengwa Desemba, mvua za vuli zikiwa zimebakiza magugu mabichi na majani ya mwembe yakidondoka, linaiva kabla ya Machi. Chenga za mkaa ziingie humo tangu mwanzo. Masika yakianza, mboji isambazwe na kuchanganywa na udongo wa juu, matandazo yawekwe juu, na mbolea ya dukani isubiri. Urea, kama mchicha wa Juni utaonekana bado unaihitaji, inunuliwe wakati huo, robo kilo kasoro kwa tuta, igawanywe mara tatu, na ifunikwe.